"Mrejesho hasi" una ubaya gani?

Swali: Mimi ni fundi wa redio na amplifaya hapa Mikindani, Mtwara. Nina kijana ninayemfundisha kazi. Nikimwambia kwenye opampu, ile aisii ya kukuzia, tunataka "mrejesho hasi", anashangaa: kitu hasi cha nini? Na daftarini kaandika "marejesho hasi". Nimsahihishe vipi?

Jibu: Fundi, tuanze na daftari. Marejesho ni ya mkopo, waulize wanakikoba. Kinachotoka kwenye amplifaya kikarudishwa kilikoingilia ni mrejesho, wingi mirejesho. Hasi na chanya hazipokei kiambishi: mrejesho hasi, mirejesho hasi.

Huo mshangao nao una sababu. Siku hizi maofisini mrejesho chanya ni pongezi na hasi ni lawama. Kwenye hesabu, hata hivyo, hasi ni alama ya kutoa tu, na mafundi umeme wamelichukua neno huko. Mrejesho ni hasi kwa kuwa unapunguza kile kilichoingia. Wala si hasara: Harold Black, mhandisi wa Marekani, alilipata wazo hilo mwaka 1927 akiwa kwenye pantoni anavuka mto Hudson kwenda kazini, kama watu wa Mtwara mnavyovuka kwenda Msangamkuu. Alikubali kupoteza ukuzaji mwingi, makusudi, ili sauti isipotoke.

Mwekee opampu ya 741 mezani aone mwenyewe. Ikiachwa peke yake hukuza mara 200,000 hivi, na kwa ukuzaji huo huwezi kumsikilizisha mtu taarabu. Mguu wa 3 uende ardhini. Rezista ya kilo-omu 100 itoke mguu wa 6, sauti inakotokea, irudi mguu wa 2, na sauti iingie hapo hapo kwenye 2 kupitia kilo-omu 10. Ukuzaji unashuka hadi mara 10 na kutulia. Sasa abadilishe: mguu wa 2 ndio uende ardhini, rezista zote mbili zihamie wa 3. Volti zitakimbilia karibu na kikomo cha pawa saplai, juu au chini, na kuganda. Huo ndio mrejesho chanya. Una kazi yake, kwa mfano kwenye swichi inayotakiwa kuwaka au kuzima bila kusitasita, ila kwenye muziki haufai. Ameshausikia harusini MC anapopita mbele ya spika na maiki mkononi; mluzi ule sijamwona mtu akiupongeza.

Kwa mdomo, mimi ningesema "mrejesho wa kupoza" na "wa kuchochea", kama jiko la mkaa. Daftarini abaki na hasi na chanya, kwa sababu kwenye mchoro atakutana na − na +. Ila mwambie mapema kwamba alama hizo za mguu wa 2 na wa 3 si za betri. Chanya ya betri inaingia mguu wa 7, hasi mguu wa 4, na akizigeuza hizo, ajiandae kununua 741 nyingine.