Maswali na Majibu: Kuchangia Gari na Bima Katika Vikundi vya Matembezi

Kikundi chetu cha Ipuli, hapa Tabora, huenda Kwihara kila Jumamosi kwa magari ya wanachama wawili, kisha hutembea kwa miguu. Kila abiria humchangia mwenye gari fedha ya mafuta. Je, bima inaweza kukataa kulipa?

Ndugu msomaji, kampuni ya bima itataka kujua kama fedha hiyo ni mchango wa gharama au ni nauli. Gari lenye namba za njano hukatiwa bima ya matumizi binafsi, na kwa kawaida mkataba wake hukataza kubeba abiria kwa malipo, kwa kuwa kazi hiyo ina bima yake ya biashara na leseni ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Mkigawana bei ya mafuta ya safari husika, na mwenye gari naye akabeba fungu lake, mna hoja ya kusimamia. Mkipanga kiwango kimoja kwa kila kichwa, gari likajaa na fedha ikazidi mafuta, hoja hiyo inadhoofika sana, hata kama ziada ni ya soda tu. Kwa hiyo, kabla ya safari ijayo, wenye magari waiandikie kampuni barua kueleza utaratibu wenu na kuomba jibu la maandishi. Kauli ya wakala kwamba "hakuna shida" haina uzito siku ya kudai fidia.

Mwanangu aliyeko Uingereza anasema huko michango ya mafuta haina tatizo. Kwa nini sisi tuhangaike?

Mama, mwanao anasema kweli kuhusu huko. Kifungu cha 150 cha Sheria ya Usalama Barabarani ya Uingereza ya mwaka 1988 kinalinda safari za kuchangiana iwapo gari halikutengenezwa kubeba abiria zaidi ya 8, jumla ya michango haizidi gharama za kuendesha gari, na makubaliano yamefanyika kabla ya safari kuanza. Hata hivyo, mkataba uliokatwa Tabora hausomwi kwa sheria hiyo. Masharti yenyewe ni mazuri, na ningependa kikundi chenu kiyaandike kama kanuni zake, lakini hayachukui nafasi ya barua niliyoitaja.

Nina bima ndogo. Abiria wangu wakiumia watalipwa?

Bima ndogo hulipa madhara unayowasababishia watu wengine, wala haitengenezi gari lako. Usichukulie kwamba kila aliyeketi ndani ya gari binafsi anahesabiwa miongoni mwa hao wengine. Uliza kama abiria wamo au wanahitaji kulipiwa nyongeza. Angalia pia idadi ya viti iliyoandikwa kwenye mkataba, maana desturi yetu ya kupakatana inaweza kuwa sababu ya kukataa dai. Uhalali wa stika ya bima unaweza kuuhakiki katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa kutumia namba ya gari.

Mwenye gari akichoka, mwanachama mwingine anaweza kuendesha?

Anaweza, iwapo mwenye gari ameridhia, leseni ya huyo mwanachama ya daraja D (ya magari binafsi) ingali hai na mkataba haukutaja madereva maalumu.

Tukipata ajali njiani tufanye nini kwanza?

Wahudumieni majeruhi, itaarifuni polisi na chukueni PF3, yaani fomu ya polisi kwa ajili ya matibabu. Kampuni ya bima ipewe taarifa mapema, na dereva asikiri kosa wala kuahidi fidia kabla ya kuzungumza nayo. Akiulizwa kuhusu michango, aseme ukweli, kwani maelezo ya uongo ni sababu tosha ya kukataliwa dai ambalo pengine lingelipwa.