Kabla ya kuuliza apigwe risasi au afungwe

Swali lenu la wiki hii, kama askari anayeua raia vitani apigwe risasi hadharani au afungwe jela, limeanzia mwisho. Mimi nauliza kwanza: nani amechunguza, nani amehukumu, na hukumu hiyo imepitiwa na nani?

Wanaopenda adhabu ya papo kwa papo hupenda kuitaja Kotido, mkoani Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Haya, tuitazame. Tarehe 21 Machi 2002, jeshi la Uganda, UPDF, likiwa kwenye operesheni ya kuwapokonya Wakaramoja silaha, padri Declan O'Toole wa Ireland aliuawa pamoja na dereva na mpishi wake. Padri huyo alikuwa amelalamikia ukatili wa wanajeshi. Tarehe 25 askari wawili, mmoja koplo, walisimamishwa kwa mauaji hayo mbele ya mahakama ya kijeshi ya uwanjani, ile inayokaa palepale jeshi lilipo kwenye operesheni. Kesi haikuchukua hata muda wa masaa matatu. Siku hiyohiyo wakapigwa risasi mbele ya umati.

Masaa matatu kwa roho tatu! Kesi ya ng'ombe mmoja mahakama ya mwanzo huahirishwa mara ngapi? Fikirieni ushahidi unaotakiwa. Rejista ya ghala la silaha, ionyeshe nani alichukua bunduki ipi, kwa namba yake. Risasi zilizorudishwa: magazini ya bunduki ya SMG huingia risasi 30, zikirudi 24 mtu aeleze sita zimekwenda wapi. Maganda yaokotwe kabla watu hawajapakanyaga. Ripoti ya daktari. Kumbukumbu za doria na za redio, ijulikane nani aliwapanga pale na kwa amri gani. Mkalimani wa Kikaramoja, na wakili aliyepewa muda wa kusoma jalada. Hayo yote hayaingii katika asubuhi moja.

Hapo ndipo damu inanichemka. Aliyeuawa alikuwa mtu aliyelilalamikia jeshi. Swali la kama askari wale walitumwa au walijituma lilipaswa kuwa kiini cha kesi, na waliokuwa na jibu wakafukiwa nalo. Tena Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 22, inataka hukumu ya kifo ithibitishwe na mahakama ya juu kabisa ya rufaa. Kwa siku nne? Rufaa gani hiyo?

Sasa wengi watasema dawa ni kuzipeleka kesi hizi Makindye, Kampala, kwenye mahakama kuu ya kijeshi. Hapo nasita. Shahidi wa Karamoja hasafiri hadi Kampala mara tano kusikia "imeahirishwa". Kikosi huhamishwa, bunduki hugawiwa askari mwingine, na kamanda huenda masomoni.

Linganisheni na Golweyn, Somalia. Raia saba waliuawa tarehe 10 Agosti 2021 na askari wa UPDF waliokuwa chini ya Umoja wa Afrika. Uchunguzi ulitangulia, kisha mahakama ya kijeshi ya Uganda ikakaa Mogadishu kwenyewe, na Novemba wawili wakahukumiwa kifo, watatu miaka 39 kila mmoja. Miezi mitatu, tena katika nchi ileile ya waliofiwa.

Kwa hiyo, baada ya kuichambua hivi mahakama ya uwanjani, naona nitaitetea. Ibaki, ikae karibu na kaburi la aliyeuawa, ila isiwe na mamlaka ya kumaliza mtu kabla ya rufaa, na majaji wake wasiteuliwe na kamanda wa kikosi cha mshtakiwa.

Na adhabu? Afungwe, kifungo kirefu, maana mfungwa bado anaweza kumtaja aliyemtuma. Isipokuwa aliyetuma akipatikana na ushahidi ukasimama hadi rufaa ya mwisho; huyo sitamwombea kifungo kwa bidii hii.