Jifunze Kuondoka: Kwa Mchezaji wa Madaraja ya Chini

Nimevaa jezi za klabu 11 katika miaka 14. Kati ya hizo, nilizoziaga kwa hiari yangu ni 3 tu. Kwingine nilitemwa, au mkataba uliachwa uishe kimyakimya, na mara moja klabu yenyewe ilikufa mikononi mwetu msimu ukiwa katikati.

Vijana wanaoniandikia huuliza namna ya kuingia. Wakala nimpate wapi, majaribio ni lini, video iwe ya dakika ngapi. Sijawahi kuulizwa namna ya kutoka, wakati huku chini kutoka ndiyo kazi yenyewe. Mchezaji wa ligi kubwa husaini miaka 4 au 5. Sisi husaini msimu mmoja, pengine nusu msimu, na kila baada ya miezi 10 hivi tunarudi sokoni kama watu ambao hawajawahi kugusa mpira.

Na tafadhali msiniletee habari za mshambuliaji Jamie Vardy. Ni kweli, klabu ya Leicester walimtoa Fleetwood Town mwaka 2012, timu iliyokuwa imecheza msimu ule nje ya madaraja manne ya juu ya Uingereza, na mwaka 2016 akawa bingwa wa nchi. Nimefurahi kwa ajili yake. Mfano wangu mimi ni Sebastián Abreu, yule Mruguai aliyewaliza Ghana kwa penalti ya kudokoa kwenye Kombe la Dunia 2010. Mwaka 2017 aliingia kwenye rekodi za Guinness kwa kufikisha klabu 26. Fikiria mtu huyo amefunga begi mara ngapi.

Mara ya kwanza kuachwa nilikuwa na miaka 22. Siku moja baada ya mechi ya mwisho tuliitwa ofisini mmoja mmoja, tukapanga foleni kwenye korido. Hakuna aliyehitaji kuuliza: aliyebakizwa alitoka na karatasi mkononi, aliyeachwa alitoka mikono mitupu. Kocha alinipa kama dakika 2. "Umekuwa kijana mzuri," akaanza. Ukimsikia kocha anaanza na "umekuwa", jua safari imeiva. Niliporudi chumba cha kubadilishia nguo, mtunza vifaa alikuwa ameshabandua plasta yenye jina langu juu ya ndoano yangu. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na plasta 9 za kubandua siku ile na alitaka kuwahi nyumbani. Akaninyooshea mfuko wa plastiki niwekee njumu. Niliupokonya, sikumuaga, nikaondoka.

Miaka 5 baadaye nilikwenda majaribio kwenye klabu nyingine, nikamkuta yuko pale. Siku ya tatu kocha alimwuliza yeye kabla hajaniuliza mimi, nami nilikuwa nyuma ya mlango nafungua kamba. Nikamsikia: "Mpira anaujua, ila ana moyo wa kununa." Sikusajiliwa. Makocha wa madaraja ya chini hawana kikosi cha wasaka vipaji wala programu za takwimu. Wana simu, na wakikutaka wanawapigia watu wawili: aliyekuwa daktari wako wa timu na aliyekuwa akifua jezi zako. Waage hao wawili hata kama mwenyekiti humwagi.

Sasa karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na nadhani waliwahi kucheza daraja la tatu. Mwaka 2016 FIFPRO, shirikisho la vyama vya wachezaji duniani, lilitoa uchunguzi uliohoji karibu wachezaji 14,000 katika nchi 54, na 41% walisema wamecheleweshewa mshahara ndani ya misimu miwili. Niliposoma nilishangaa kwamba ni 41 tu.

Mimi nilidai miezi 3 mahali fulani. Kila Ijumaa mwenyekiti alisema wiki ijayo. Jumatatu moja nikasema basi, nikakunja virago bila kumwandikia mtu hata mstari mmoja. Hapo nilijifunga mwenyewe. Klabu ilinigeuzia kibao ikasema nimetoroka kazini, na kwenye karatasi walikuwa na haki: rejesta ya mazoezi ilionyesha sipo, na barua yangu ya madai haikuwepo popote. Kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji zina kifungu kilichoongezwa mwaka 2018 kwa ajili ya watu kama mimi. Klabu isipolipa angalau mishahara ya miezi 2, mchezaji anaweza kuvunja mkataba kwa sababu ya haki, ila sharti kwanza aidai klabu kwa maandishi na kuipa muda usiopungua siku 15. Maandishi. Siku 15. Na katika hizo siku 15 unakwenda mazoezini kila asubuhi, unasaini rejesta, unakimbia kama uliyelipwa. Inauma sana. Nilipokwama tena miaka 4 baadaye nilifanya hivyo, siku ya 12 hela ikaingia.

Kama unacheza nje ya nchi yako, mgogoro na klabu unaweza kuufikisha kwenye mahakama ya soka ya FIFA, na mchezaji anayeidai klabu hatozwi ada. Lakini miaka 2 ikipita tangu tukio, mlango umefungwa. Ukiwa nyumbani kesi huanzia kwenye vyombo vya chama cha soka cha nchi, na hapo ndipo chama cha wachezaji kinapokuwa na maana. Jiunge nacho ukiwa unalipwa vizuri, usisubiri kwenda huko unalia.

Mkataba wenyewe uusome mezani, ukiwa umekaa. Dai nakala yako siku ileile. "Tutakutumia" ni neno la kupotezea. Angalia unaanza tarehe gani na kuisha tarehe gani, kwa sababu mikataba mingi ya kwetu hulipa miezi 10 na mwaka una 12. Mimi hugawa pesa yote kwa 12 hata kabla sijaipokea. Pesa ya usajili usiihesabu kama mshahara; ile ndiyo itakayokulisha miezi ya kiangazi cha mpira, simu ikiwa haiiti. Kama kuna bonasi ya kupanda daraja, iandikwe. Niliwahi kupanda daraja na bonasi ya mdomo, na bado iko mdomoni.

Kuna jambo la goti ambalo hesabu yake vijana hawaifanyi. Ukano wa mbele wa goti ukikatika, mara nyingi ni miezi 9 hivi kabla ya kurudi kwenye mechi, na kwa wengi zaidi ya hapo. Mkataba wako ni wa miezi 10. Ukiumia mwezi wa pili, mkataba utakufa goti likiwa bado bichi. Omba iandikwe kwamba klabu itamaliza matibabu ya jeraha la kazini hata mkataba ukiisha. Wengine watakataa, na hapo utakuwa umejua unaingia nyumba gani. Jambo jingine: kanuni hizohizo za FIFA zinakataza uhalali wa mkataba kutegemea vipimo vya afya, kwa hiyo klabu ikupime kwanza ndipo msaini. Ukishasaini, isikurudie wiki ya pili na kisingizio cha kifundo cha mguu. Picha zako zote za goti na za misuli omba nakala. Ni zako.

Nami nina dhambi yangu hapa. Nilikwenda majaribio na msuli wa nyuma ya paja ukinivuta, nikanyamaza. Dakika ya 20 nikasikia kama mtu amenipiga jiwe. Nilikosa mkataba ule na miwili iliyofuata.

Kuhusu majaribio yenyewe: mgeni siku mbili, ya tatu jembe, lakini huku jembe unapewa saa ya kwanza. Hakuna atakayekuita jina. Utaitwa "wewe wa bibu ya njano", yaani fulana ya mazoezi uliyovalishwa. Mimi ni kitasa, beki wa kati wa kuzaliwa. Siku moja kocha akauliza nani anacheza beki ya kushoto, nami nikanyoosha mkono, mguu wangu wa kushoto ukiwa ni wa kupandia ngazi tu. Nilisajiliwa. Kuanzia hapo nikawa kiraka: kushoto, namba 6 ya kiungo mkabaji, hata mshambuliaji dakika za lala salama tukiwa tumefungwa. Ukiraka ulinipa mikataba 5 na ukaninyima bei, maana kocha hampangi kiraka kwanza. Humpanga baada ya mwenye namba kuumia. Ushauri wangu, na najua wenzangu wengi wanaupinga, ni kwamba kabla ya miaka 24 ng'ang'ania namba yako hata kama ni kusugua benchi. Baada ya hapo kubali kila namba utakayopewa, hata golini.

Wakala? Kwa kifupi. Tangu mwaka 2023 FIFA imerudisha leseni na mtihani kwa mawakala, na orodha ya wenye leseni unaweza kuiangalia mwenyewe. Mkataba wa uwakala usizidi miaka 2. Anayekuomba wewe pesa kwanza ili akupeleke majaribio si wakala, hata akija na picha amesimama na nani.

Kuondoka bure mkataba ukiisha ni haki ambayo mtu aliilipia. Mwaka 1990 mkataba wa Jean-Marc Bosman na RFC Liège ya Ubelgiji uliisha; klabu ikampunguzia sana mshahara kwenye mkataba mpya, na alipotaka kwenda Dunkerque ya Ufaransa ikadai ada. Alishtaki, akashinda tarehe 15 Desemba 1995, na ligi za Ulaya hazikuwa tena vile zilivyokuwa. Yeye mwenyewe miaka yake ya mpira ilikuwa imekwisha kuliwa na kesi. Ila uhuru huo una pindo lake: mchezaji kijana akihamia klabu ya nchi nyingine, klabu zilizomlea zinaweza kudai fidia ya mafunzo mpaka mwaka anaotimiza miaka 23. Mimi nilipotemwa na miaka 22 klabu ya nchi nyingine ilinitaka, ikasikia neno fidia, ikapotea hewani. Ningejua, siku ile ofisini badala ya kununa ningeomba barua ya klabu kwamba haidai fidia. Wakati wanakuacha huwa wana aibu kidogo. Omba hapohapo.

Chunga pia hesabu ya msimu. Unaweza kusajiliwa klabu zisizozidi 3 katika msimu mmoja, lakini mechi rasmi kwa kawaida utacheza kwa 2 tu. Dakika 5 za kuingia ukitokea benchi zinahesabika. Nimemwona mwenzangu akiingia dakika ya 88 kwenye klabu yake ya pili ya msimu, ambayo ilimwacha mwezi uliofuata, akakaa nje mpaka msimu ukaisha. Dirisha la usajili likifungwa usikate tamaa papo hapo. Kama mkataba wako uliisha kabla halijafungwa, kanuni zinaruhusu usajiliwe nje ya dirisha, ligi yenyewe ikikubali.

Na wale wapanga matokeo wanaokuja wakati hujalipwa. Wanajua hasa ni klabu zipi hazijalipa, pengine kuliko mwenyekiti. Hawaanzi kwa kukuomba mfungwe. Wanaanza na kitu kidogo: kikosi cha kesho, kona ya kwanza, kadi ya njano kabla ya mapumziko. Mimi ujumbe uliingia saa 4 usiku, na kiasi kilichotajwa kilikuwa karibu sawa na nilichokuwa naidai klabu. Niliripoti asubuhi, mkono unatetemeka. Kwa kanuni za FIFA hata kunyamaza ni kosa, na anayenaswa akipanga matokeo anaweza kufungiwa maisha. Kuna mtu tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja kambini ambaye hataingia tena uwanjani hata kama kocha wa watoto. Alikuwa hodari kuliko mimi.

Nilitundika daluga nikiwa na miaka 35. Goti lilitangulia kuamua, klabu ikaafiki. Safari hii nilikwenda ofisini na orodha niliyoiandika kwenye daftari la mwanangu: barua ya kuachiwa, mishahara 2 ya mwisho na tarehe ya kulipwa, nakala za picha za goti, na video za mechi zangu za msimu. Plasta yenye jina langu niliibandua mwenyewe, nikamsaidia mtunza vifaa na zile nyingine, tukamaliza kabla jua halijazama. Kwenye orodha ile nilipata vitatu. Video nazidai mpaka leo; mtu wa kamera anasema wiki ijayo.