Re: Opinel ya babu imekataa kufunguka

Ndugu, usiitupe hiyo Opinel, kisu ya kukunja ya Wafaransa. Umesema inakataa kufunguka na chuma iko na kutu, lakini mara mingi kutu si njo inakaba, ni mupini: mbao ikinywa maji inavimba, na hii mvua ya Bukavu tunaijua. Zungusha kwanza ile pete ya ku shingo ya mupini yenye inakazaka chuma (iliongezwa 1955, kama yako haina basi ni ya mbele ya hapo ao ni saizi ya kidogo), gonga mukia ya mupini ku meza, ncha itaruka kidogo, vuta na pense pole pole.

Acha ikauke kivulini siku mbili tatu. Yangu niliwekaga karibu ya mbabula, ikapasuka paaa!

Kutu, mafuta ya taa na msasa laini, kisha tone ya mafuta ya cherehani. Chuma ikibakia nyembamba, inamenya viazi bila shida.