Maswali ya Wasomaji: Ushuru Umepangwa Arusha, Nimuulize Nani?

SWALI: Mhariri, pokea salamu. Mimi ni mama mwenye kibanda cha mitumba Gikomba, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 18. Ushuru wa marobota ukibadilika, tunaambiwa umeamuliwa Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2016 tuliambiwa hata kwamba mitumba itaondolewa kabisa. Nilipomwendea mbunge wangu, alisema jambo hilo si la Bunge la Kenya bali la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Baadaye nikakutana na mmoja wa wawakilishi wetu katika Bunge la Afrika Mashariki, naye akasema si wao wanaopanga ushuru. Sasa mwananchi amuulize nani?
Mama wa Gikomba, Nairobi

JIBU: Mama, wote wawili walikwambia kweli, na hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe.

Robota linapotua bandarini Mombasa hutozwa malipo ya aina mbalimbali. Kodi ya thamani ya ziada, kwa mfano, hubadilishwa kwa Mswada wa Fedha, ambao Bunge la Taifa haliwezi kuupitisha kabla ya kuwasikiliza wananchi, kwa kuwa kifungu cha 118 cha Katiba yetu kinalilazimisha. Ushuru wa forodha, hata hivyo, haumo katika mswada huo. Unatawaliwa na sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, na viwango vyake hukubaliwa na mawaziri wa nchi wanachama kabla ya bajeti kusomwa, vikachapishwa katika gazeti rasmi la Jumuiya mwishoni mwa Juni na kuanza kutozwa tarehe 1 Julai. Utakumbuka Juni 2024, vijana walipojaa barabarani hapa jijini hadi Rais akakataa kuutia sahihi Mswada wa Fedha. Mswada ulikufa, lakini viwango vya forodha vilianza Julai mosi kama kawaida, kwa sababu havikuwa ndani ya karatasi ile iliyokuwa ikipigiwa kelele.

Kwa hiyo mtu wako wa kwanza ni waziri, na waziri yuko Nairobi. Ndiye anayeketi katika Baraza la Mawaziri la Jumuiya kwa niaba yetu, ndiye anayeinua mkono au kunyamaza. Ugumu ni kwamba waziri wa Kenya, chini ya Katiba ya 2010, hatakiwi kuwa mbunge. Huteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Hana eneo la ubunge utakalomngojea nalo siku ya kura. Unachoweza ni kumtaka mbunge wako, yule aliyekwambia jambo si lake, amwite waziri mbele ya kamati na kumuuliza alisema nini huko Arusha kwa jina la Kenya. Hilo ni lake, na asikukwepe.

Huko juu zaidi, kwa wakuu wa nchi, ukungu unazidi. Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999, unasema maamuzi yao yafanywe kwa maafikiano, na mwisho wa kikao hutolewa taarifa moja ya pamoja. Katika maafikiano haijulikani nani alipinga wala nani alishawishi, na asiyejulikana alisema nini haulizwi kwa nini alisema. Isitoshe, mswada uliopitishwa na Bunge la Afrika Mashariki hauwi sheria mpaka wakuu wote waukubali. Mmoja wao akikataa mara ya pili baada ya kurudishiwa, mswada umekufa.

Tazama hiyo habari ya 2016 uliyoitaja, maana ina funzo linalouma. Mwezi Machi mwaka huo marais walikubaliana Arusha kwamba nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa viondolewe sokoni katika muda wa miaka mitatu, ili viwanda vya nguo vya kwetu vifufuke. Nia ilikuwa na mantiki yake, sikatai. Lakini aliyeirudisha nyuma si mchuuzi wa Gikomba. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondolea nchi zetu nafuu ya kuuza bidhaa huko bila ushuru. Kenya ikajitoa upesi. Rwanda ilishikilia, ikiwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Maana yake ni kwamba Mmarekani anayekuuzia robota alijua mlango wa kubisha ili kubadilisha uamuzi wa Afrika Mashariki, na wewe unayelifungua robota hilo alfajiri hukuujua.

Mlango mwingine ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo ina masjala ndogo hapa Nairobi. Mtu yeyote mkazi wa nchi mwanachama anaweza kushtaki kwamba uamuzi umevunja Mkataba, ila afanye hivyo ndani ya miezi 2. Mwaka 2006 mwanasiasa wetu Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake walipinga namna Wakenya tisa walivyopatikana kwenda katika Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha: majina yalikuwa yamepitia kamati tu, bila Bunge kupiga kura. Mahakama ilisimamisha kuapishwa kwao, na Machi 2007 ikaamua kwamba huo haukuwa uchaguzi. Marais hawakufurahi, kabla hata ya hukumu hiyo kusomwa, walikuwa wameubadilisha Mkataba kwa haraka, na ukomo huo wa miezi 2 uliingia wakati huo. Mawakili waliposhtaki, mahakama ilisema mwaka 2008 kwamba wananchi walipaswa kushirikishwa katika mabadiliko hayo, kisha ikayaacha yabaki. Nusu mkate, lakini wenye chachu.

SWALI: Kwa nini tusiwachague wabunge wa Afrika Mashariki sisi wenyewe? Labda wangetujali.
Msomaji, Kayole

JIBU: Kifungu cha 50 cha Mkataba kinasema wachaguliwe na mabunge ya nchi zao, tisa kwa kila nchi, nasi hugawana viti hivyo kwa nguvu za vyama bungeni. Mwaka 2017 vyama vyetu vilikawia kuelewana, Bunge zima la Arusha likakaa tangu Juni hadi Desemba bila kuanza kazi. Ningependa tupige kura wenyewe, lakini usiitegemee kura peke yake. Ulaya walianza kuwachagua wabunge wao wa pamoja moja kwa moja mwaka 1979, na idadi ya wapigakura ikashuka kutoka takriban asilimia 62 hadi chini ya 43 mwaka 2014. Kilicholipatia Bunge hilo meno ni uwezo wa kuiondoa Tume ya Ulaya yote, yaani chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, kwa theluthi mbili ya kura. Mwaka 1999 Tume iliyoongozwa na Jacques Santer ilijiuzulu nzima ikijua kinachoikabili. Bunge la Arusha linaweza kuwauliza mawaziri maswali, na wakishajibu wanarudi kwenye ndege zao.