Tajiri wa boti kaitwa Mgebuka, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mwanga, Kigoma. Nimepewa kikazi cha kuweka kwenye XML (mtindo wa kuandika data ndani ya tagi, yale majina ya kwenye mabano < >) hesabu za samaki wanaoshushwa mwalo wa Kibirizi pamoja na boti zilizowaleta, nilikuwa na faili mbili nikaziunganisha, shida kote kuna tagi ya jina, huku ni jina la samaki kule ni jina la mwenye boti, sasa ripoti inatoka tajiri anaitwa Mgebuka, jina la samaki. Jamaa yangu kasema dawa ni nemuspesi (namespace), nikaweka anwani ya http kama alivyonielekeza, nikaijaribu kwenye simu haifungui kitu. Nimekosea wapi? Bando likiisha faili litasomeka kweli? Na hizo anwani mnazitungaje?

JIBU: Marahaba. Pole na tajiri Mgebuka, ila hujakosea kitu.

Angalia, wewe unakaa Mwanga, na kule Kilimanjaro kuna wilaya nzima inaitwa Mwanga. Mtu wa Dar akikutumia boksi akaandika Mwanga peke yake, likipandishwa basi la Upare utamlaumu nani? Nemuspesi ndo kazi yake hiyo, jina linabaki lile lile ila linatajwa na kwao. XML yenyewe ilitoka 1998 na hii ya nemuspesi ikafuata mwezi wa kwanza 1999, yaani hawakukawia kukutana na kina Mgebuka wao. Lako likae hivi:

<mwalo xmlns:s="http://example.com/samaki" xmlns:b="http://example.com/boti">
  <s:jina>Mgebuka</s:jina>
  <b:jina>Mzee Juma</b:jina>
</mwalo>

Hizo s na b ni viambishi tu, alama ya kalamu juu ya boksi. Mwenzako akiandika samaki:jina badala ya s:jina, na anwani aliyoitangaza ni ile ile, kwa programu ni kitu kimoja. Kinachohesabika ni anwani iliyo nyuma ya kiambishi. Ukitumia kiambishi hujakitangaza, hiyo ni era hapo hapo, na viambishi vinavyoanza na xml viache, vina wenyewe.

Sasa hiyo anwani kutofunguka. Haifunguki kwa sababu sio lazima ifunguke! Ni jina lililovaa nguo za anwani. Walichagua mtindo huo kwa sababu domeni (jina la tovuti, kama example.com) ina mwenyewe, kwa hiyo wewe wa Kigoma na mwingine wa Mwanza hamuwezi kugongana kwa bahati mbaya kila mtu akitumia ya kwake. Programu inayosoma XML haiendi intaneti kuitafuta, inalinganisha herufi kwa herufi basi, bando likiisha we lala usingizi.

Ila hapo kwenye herufi kwa herufi ndo watu tunalia. Mkwaju (/) mmoja wa mwisho ukizidi ni jina jingine, herufi kubwa badala ya ndogo ni jina jingine. Mimi nilishawahi kujifanya mtu wa usalama, nikaona faili la picha ya SVG (picha inayoandikwa kwa XML) limeandikwa http://www.w3.org/2000/svg nikasema mbona mambo ya kizamani haya, nikaongeza s iwe https. Picha ikapotea, brauza ikanionyesha mistari ya kodi (code), jioni nzima nahangaika na rangi na vipimo kumbe ni kaherufi kamoja.

Kutunga: tumia domeni yako au ya ofisi iliyokupa kazi, sio ya mtu, na sio hiyo example.com niliyoandika juu, ile imetengwa kwa mifano tu. Ongeza neno la kazi na mwaka, mfano /2025/samaki, maana domeni inaweza kuja kubadilisha mwenyewe. Herufi ndogo zote, bila mkwaju mwishoni, halafu usiiguse tena. Hata ukiongeza tagi mpya mwakani, usibadilishe, kila programu iliyozoea jina la zamani itakuona mgeni. SVG imetoa matoleo na matoleo na ile 2000 iko pale pale.

Utakutana pia na xmlns="..." bila kiambishi. Hiyo inazishika tagi zote za ndani zisizo na kiambishi, inapunguza kuandika, lakini atributi (zile jina="kitu" zinazokaa ndani ya tagi) haizigusi. Na ukitafuta kwa XPath (lugha ya kutafutia vitu ndani ya XML) //jina ukapata patupu wakati unaliona kwa macho, sababu ni hiyo, tagi ina kwao wewe unaiita bila kwao, itangazie kiambishi kwenye programu yako kwanza ndo utafute.

Kabla hujarekebisha piga skrinshoti ya ile ripoti, ukamwonyeshe tajiri.