Kujaza bwawa la nyumbani Dar: bomba, boza au kisima? Jibu langu kwa mleta uzi

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako la ujaze bwawa lako jipya kwa maji gani, na majibu ya wadau, naona wengi wamekimbilia kukwambia ita maboza mchezo uishe. Mimi hizi kazi za mabwawa ya majumbani ndo zinaniweka mjini hapa Dar kwa hiyo nikuandikie kwa kirefu kidogo, uvumilie.

Umesema bwawa ni mita 8 kwa 4, upande wa kina kifupi mita 1.2 na upande wa kina kirefu mita 1.8, upo Goba, marumaru zimeshabandikwa, bomba la DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) linatoka mara mbili kwa wiki tena usiku, na jirani ana kisima yupo tayari akupe maji. Hapo wastani wa kina ni 1.5 kwa hiyo 8 mara 4 mara 1.5 unapata mita za ujazo 48, yani lita 48,000, yani uniti 48 kwenye bili ya maji. Chukua bili yako ya mwezi uliopita uone uniti moja unalipia bei gani na tozo zake, zidisha, afu mpigie mtu wa boza akutajie bei yake ya lita 10,000. Tofauti utaiona mwenyewe, na ndo maana mimi boza huwa naliweka la mwisho sio la kwanza.

Ila bei sio kitu kikubwa kuliko vyote hapa. Kikubwa ni kwamba maji ya bwawa hayamwagwi kila mwezi, haya unayoyaweka sasa hivi utakaa nayo miaka, unayachuja na kuyawekea dawa tu. Na jua likiyapiga kinachopanda juu ni maji matupu, chumvi na chokaa na chuma vinabaki humohumo ndani, unaongeza mengine yenye chumvi, nayo yanakauka yanaacha chumvi yake, hivyo hivyo mpaka siku unajikuta unaogelea kwenye supu. Tuseme bwawa lako linapoteza milimita 5 kwa siku, eneo la juu ni mita za mraba 32, hizo ni lita 160 kila siku, karibu lita 5,000 kwa mwezi za kurudishia. Kwa hiyo unachagua maji ya kujazia na ya kuongezea kwa pamoja.

Tuanze na kisima cha jirani maana ndo kinachokuvutia. Usikubali wala kukataa kabla hujafanya hivi: chukua ndoo nyeupe ya lita 20, jaza maji ya hicho kisima, weka klorini ya unga kiduchu kwenye ncha ya kijiko, koroga, iache mpaka asubuhi. Maji ya kisima yanaweza kutoka bombani meupe pee ukadhani ni ya Kilimanjaro, kumbe yana chuma ndani kimeyeyuka, klorini ikigusa tu yanageuka rangi ya chai ya rangi. Yakiwa na manganizi yanaelekea kwenye weusi. Sasa fikiria hilo limetokea kwenye lita 48,000 na gurauti yako nyeupe mpya (simenti ya kuziba kati ya marumaru), doa linaingia humo na kulitoa ni kazi ya wiki na pesa. Ndoo ikilala mpaka asubuhi na bado ni nyeupe, hapo tunaongea. Jambo la pili chungulia birika la jirani la kuchemshia chai, likiwa na ukoko mzito mweupe ndani ujue hayo maji yana chokaa na huo ukoko utauona kwenye mstari wa maji bwawani na ndani ya filta. Jambo la tatu onja. Ukisikia chumvi ulimini, ngazi ya chuma na mashine zako zitakuwa na maisha mafupi.

Watu wa Kigamboni, Mbezi Beach ya chini na Msasani mnaosoma huu uzi, kwenu kuna la ziada. Karibu na bahari maji yasiyo na chumvi yamekaa juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, ukivuta taratibu unapata ya juu, ukiwasha sabmasibo (pampu ya kuzamisha kisimani) ikaunguruma usiku kucha unayapandisha ya chini. Kwa hiyo maji uliyoonja pampu ilipoanza sio lazima yawe yale yanayotoka baada ya masaa kumi. Onja tena katikati ya kazi, na kisima kipumzike. Goba mko mbali na bahari hilo halikuhusu sana, ila LUKU ya jirani inakuhusu, mkubaliane kabla, maana umeme wa kuvuta lita elfu arobaini na kitu sio wa kuombana kama chumvi ya jikoni.

Bomba sasa. Kwa mtu mwenye subira hii ndo njia yangu ya kwanza, kwa sababu maji yameshatibiwa na unajua yalikotoka, mitambo ya Ruvu Juu au Ruvu Chini, kwa kawaida hayana mambo ya chuma. Shida ni kasi na mgao. Pima kasi kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu, ikijaa kwa dakika moja basi unapata lita 1,200 kwa saa na bwawa lote ni masaa 40 ya maji kutoka bila kukatika. Kwa mgao wako hizo ni wiki kadhaa. Usifanye wanachofanya baadhi ya watu kufunga pampu moja kwa moja kwenye laini ili wavute kwa nguvu, unawanyima majirani, na bomba likivutwa namna hiyo penye ufa linafyonza tope la mtaroni, uchafu huo mtakunywa mtaa mzima. Ingiza kwenye simtank kwanza kwa presha yake yenyewe, ikijaa ndo unasukuma kwenda bwawani.

Na tafadhali mpira usiuzamishe ndani ya maji ya bwawa ukaenda kulala. Maji yakikatika mtaani presha inashuka, bomba linaweza kunyonya maji ya bwawa na dawa zake kurudi kwenye laini. Funga mpira juu ya ukingo, uache nafasi ya hewa kati ya mdomo wa mpira na maji.

Tatizo la kujaza kidogo kidogo ni maji kulala bila kuzunguka. Pampu huwezi kuiwasha mpaka maji yafike katikati ya mdomo wa skima (lile tundu la ukutani linalovuta maji na uchafu wa juu), ukiwasha kabla inavuta hewa na unaunguza sili ya pampu. Kwa hiyo kwenye hizo wiki maji yamekaa tu na jua la Dar, ukijani unaanza chap, na mbu wanataga, na mji huu dengue tunaijua, 2019 watu waliugua sana. Dawa yake ni rahisi, kila jioni yeyusha klorini kidogo kwenye ndoo ya maji (klorini ndani ya maji, sio maji juu ya klorini) mwagia kuzunguka, sugua kuta kwa brashi, funika kwa turubai. Watoto wasogee mbali, maji hata yakiwa ya magotini tu yanamzamisha mtoto.

Boza. Silikatai, nalipenda kwa kumalizia, au pale mwenye nyumba ana shughuli wikiendi na hataki kusikia habari za subira. Ila muulize dereva maji kayachota wapi, na kabla hajafungulia mwambie akukingie kwenye ndoo nyeupe uyaone na uyaonje, kuna maboza yanachota visima vya chumvi na yanauza bei ileile. Afu uzito: lita 10,000 ni tani 10 za maji peke yake, hujaweka gari lenyewe. Likipita juu ya chemba au karo au pevingi mpya utaita fundi kesho yake. Liegeshe nje, wavute mpira. Na zile barabara za Goba zenye vilima zikilowa boza halipandi, usipange kazi siku ya mvua. Mpira wao mnene ukifunguliwa una nguvu, weka gunia chini pale maji yanapoangukia yasipige marumaru sehemu moja.

Kuhusu ujazo, hapa watu wanapigwa kweli kweli. Boza la kwanza huwezi kulipima vizuri kwa sababu linamezwa na mteremko wa sakafu, kwenye bwawa lako ule mteremko tu unakula lita 9,600. Maji yakishafunika sakafu yote mpaka upande wa kina kifupi, kila sentimita moja inayopanda ni lita 320. Weka alama ya tepu kwenye marumaru kabla boza halijamwaga, boza la lita 10,000 lazima lipandishe sentimita 31. Likipandisha 26 umeletewa lita elfu nane na kitu, mwoneshe dereva tepu mkiwa mmesimama pale pale, asikwambie mengine yameingia ardhini.

Zimamoto aliyependekeza mdau mmoja hapo juu, hapana mkuu. Yale magari na maji yake yanasubiri nyumba ya mtu iwake moto. Na yule wa maji ya bahari pia hapana, bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa lita wakati hata bwawa la mashine ya chumvi (inayotengeneza klorini kutoka kwenye chumvi) linataka kama gramu 3 hadi 4 tu, vifaa vya kawaida vitaliwa na kutu, na nondo zikifikiwa ndo balaa.

Mvua mimi naitumia kwa kuongezea. Bati la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 20 unakinga karibu lita 3,000 ukitoa zinazopotea, yani bwawa lako linapanda sentimita 8 au 9 bure. Maji ya kwanza ya kuosha bati yamwage, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Hayana chumvi ndo raha yake, ila ni laini mno, yakiwa mengi yanalamba simenti ya kwenye gurauti, kwa hiyo pima alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) uirudishe kwa bikaboneti, iwe 80 hadi 120 ppm.

Kitu kingine hujasema kama bwawa lilijazwa kupimwa uvujaji kabla ya marumaru. Kama halikujazwa, jaza nusu kwanza. Weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, usawa wa ndani ya ndoo na nje ulingane, weka alama zote mbili, rudi kesho saa ileile. Bwawa likishuka kuliko ndoo linavuja, na ni heri ujue ukiwa na lita elfu ishirini na nne kuliko arobaini na nane. Walio sehemu ambazo maji ya ardhini yako karibu na uso wa ardhi kama Mikocheni msiache bwawa tupu masika yote, maji ya ardhini yanalinyanyua kutoka chini, zege linapasuka.

Ningekuwa kwako ningeanza na bomba kupitia simtank mpaka nusu, nipime uvujaji hapo, ndoo ya jirani ikiwa nyeupe nimalizie na kisima, ikigeuka chai niite maboza. Yakifika katikati ya skima washa pampu izunguke siku nzima, pima pH (kipimo cha tindikali) iwe 7.2 hadi 7.6 ndo uweke klorini kamili. Fanya hiyo ndoo leo usiku uweke picha hapa kesho, na utuambie geti lako lina upana gani kama boza litahitajika.